Sewahaji Kabla Hajawa Wodi

Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu alilazwa Sewahaji karibu mwezi mzima. Nasema Sewahaji tu, siongezi kitu, maana ndivyo tunavyosema sisi wa Dar. "Yuko Mwaisela." "Wamemhamishia Kibasila." "Nani anapeleka uji Sewahaji leo?" Ni majengo ya wodi za hospitali ya Muhimbili, na mtu akishataja jina mojawapo humuulizi tena habari; unauliza kitanda namba ngapi na muda wa kuona wagonjwa.

Zamu ya jioni ilikuwa yangu. Nilikuwa nashuka daladala na kikapu: chupa ya uji, hotpoti ya ndizi, ndimu mbili, shuka safi. Nikiingia nakuta vita imeshaanza. Mjomba ni Mnyamwezi wa Tabora, na kitanda cha pili alilala mzee wa Kizaramo kutoka Kisarawe, kwa hiyo utani ulianza siku ile ile ya kwanza, hata dripu haijaisha.

"We Mnyamwezi kuwa na adabu," mzee alikuwa akimwambia. "Umelazwa kwetu hapa. Jengo hili ni la haji wetu. Sewahaji, Mzaramo wa Kisarawe, kaenda Maka kwa miguu akarudi."

"Kwa miguu tunakwenda sisi," Mjomba anajibu. "Nyie mlikuwa mnakaa njiani mnatoza hongo."

Nilicheka nao, ila usiku niliporudi nyumbani niliona haya kidogo. Nimezaliwa mji huu, jina hilo nalitaja tangu utotoni, na kama mtu angenibana nimwambie Sewahaji ni nani, nisingekuwa na jibu la kulishinda la mzee. Limeandikwa neno moja, linatamkika kama la mtu wa Maneromango, huko huko Kisarawe. Nani angeshuku?

Alikuwa Mhindi. Khoja Ismailia, yaani Mwislamu wa dhehebu la Aga Khan, baba yake Haji Paroo akitokea Bhuj, nchi ya Kutch, wale ambao pwani yetu imezoea kuwaita Wakachi. Hiyo "Haji" kumbe ni jina la baba tu, jinsi yanavyofuatana majina yao na yetu. Yeye mwenyewe, Sewa Haji Paroo, alizaliwa Unguja mwaka 1851. Hapo pa kuzaliwa Unguja naomba tupashike, kwa sababu habari za matajiri wa Kihindi tumezoea kuzisimulia kwa mtindo mmoja: kaja na jahazi, mfukoni hana kitu, kalala juu ya gunia, mara ana viwanda. Huyu hakuja. Alikuwapo.

Familia ilikuwa na duka, na duka likavuka bahari likafika Bagamoyo. Ukitaka kuelewa utajiri wake lazima kwanza uielewe Bagamoyo ya wakati ule, na uachane kidogo na ile hadithi ya "bwaga moyo" ambayo kila mtembeza wageni anayo. Bagamoyo ilikuwa stendi. Ndiyo Ubungo ya karne ya 19. Misafara yote mikubwa ya kwenda Tabora na Ujiji ilifungiwa mizigo pale, na iliyorudi na pembe iliishia pale. Tofauti ni kwamba hapakuwa na basi wala punda wa kutegemewa, maana mbung'o walikuwa wanamaliza wanyama njiani. Gari lilikuwa bega la mtu.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, bado hajaweka mkeka wake, chungu chake na posho yake. Nina kipimo changu cha jambo hili. Wiki moja baada ya kuanza kusoma habari hizi nilinunua kiroba cha sembe cha kilo 25, nikaamua nisichukue bodaboda, nikibebe begani kutoka kituoni hadi nyumbani. Haifiki kilomita moja. Nilikitua mara mbili, mara ya pili mbele ya genge la mama mmoja aliyeniuliza kama niko sawa. Shingo iliuma mpaka Jumapili. Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita mia nane, na msafara uliochapuka ulitumia kama miezi mitatu.

Sasa fikiria umeshuka Bagamoyo mwaka 1871, wewe Mzungu, una barua ya benki na hamu ya kwenda bara. Fedha yako haina kazi ukishavuka Ruvu. Huko kunatakiwa nguo: merikani nyeupe iliyofumwa Marekani, kaniki nyeusi ya India, zikihesabiwa kwa doti, neno ambalo mama zetu bado wanalo wanaponunua kanga. Kunatakiwa ushanga, na si ushanga wowote. Hapa wanataka mwekundu wa samesame, siku nne mbele hawautaki hata bure, wanataka mweupe. Ukikosea rangi utalala njaa na magunia yako ya ushanga yamejaa. Kunatakiwa masango, nyaya za shaba nyeupe na nyekundu, kwa ajili ya machifu. Na kunatakiwa watu mia na hamsini wenye mabega, ambao wanatoka Unyamwezi, wameshuka pwani na pembe na wanataka kurudi kwao. Nani anajua yote haya? Nani anajua watu wako kambi gani, wanadai doti ngapi, nani kati yao atatoroka usiku wa tatu? Huyo ndiye tajiri. Sewa Haji aliuza nguo na shanga, ndiyo, lakini nadhani mali yake kubwa ilikuwa kujua.

Na ndipo anapoingia Henry Morton Stanley, kwenye safari ile ya kumtafuta Livingstone. Stanley alikaa Bagamoyo wiki kadhaa akihangaika na wapagazi mpaka Tharia Topan, tajiri mkubwa wa Unguja, akamwelekeza kwa kijana mmoja. Kwenye kitabu chake Stanley anamwita "Soor Hadji Palloo", na wanahistoria wamemtambua kuwa ni Sewa Haji wetu, ana miaka kama 20. Nimezisoma kurasa zile zaidi ya mara moja, kwa raha isiyo na adabu. Mwandishi wa gazeti la New York, mtu aliyejiona mjanja, anamlalamikia kijana wa dukani kwa uchungu kabisa: kaniongezea doti, kaniletea hesabu isiyolingana na watu walioondoka, kaniapia, nimembana, kaniapia tena. Na bado hakuweza kuachana naye, kwa sababu misafara ilikuwa inaondoka, na aliyekuwa akiiondoa ni yeye.

Ningependa kusema Stanley alimsingizia. Sidhani. Mtu aliyewahi kununua kiwanja au gari bovu Dar es Salaam atamtambua yule kijana mara moja. Cha juu chake alikichukua.

Baada ya hapo miaka ilikwenda upande wake. Miaka ya 1880 hapakuwa na Mzungu wa maana aliyekwenda bara kutokea Bagamoyo bila kupitia mkononi mwake, awe mpelelezi, mmisionari au mwanajeshi. Alikuwa na mshindani, Charles Stokes, Muayalandi aliyeacha umisionari akawa mfanyabiashara, na mwisho wake ulikuwa mbaya: afisa mmoja kule Kongo ya Leopold alimnyonga mwaka 1895 kwa madai ya kuuza silaha. Silaha na baruti Sewa Haji naye aliuza. Hayo siyapiti kimya. Pembe alizonunua ziliishia kuwa vibonye vya piano huko Connecticut, na njia zile zile zilizoteremsha pembe ziliteremsha pia watumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi wao walikuwa watu huru wa kulipwa, wakijua bei yao na kuigombania, lakini duka la Bagamoyo halikuwa limesimama nje ya dunia ile. Lilisimama katikati yake.

Kisha wakaja Wajerumani. Vita vya Abushiri mwaka 1888 na 1889, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, mwaka uliofuata Sultani akalipwa marki milioni nne, pwani ikawa yao. Bagamoyo ikawa makao makuu kwa muda mfupi, mpaka 1891 makao yalipohamia Dar.

Nina kisa kimoja cha Bagamoyo ya siku zile ambacho hakinitoki. Desemba 1889 Stanley alirudi, mara hii na Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, ambaye Stanley alikwenda "kumwokoa" huko. Wajerumani wakawaandalia karamu ghorofani. Emin Pasha, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, akatoka dirishani akidhani ni roshani, akaanguka chini akapasuka fuvu. Kanusurika wapiganaji wa Mahdi wa Sudan, kanusurika njaa ya msituni, kaangushwa na karamu. Ila madaktari walikuwapo, akatibiwa, akapona. Mpagazi aliyeanguka na mzigo wake njia ya Mamboya hakuwa na daktari. Mwenzake alichukua mzigo, msafara ukaendelea.

Sijui lini mtu wa hesabu kama Sewa Haji anaanza kuhesabu na hayo. Ninachokijua ni alichofanya. Miaka ile ya 1890 alijenga Bagamoyo jengo la shule, la ghorofa, la mawe ya matumbawe, akalikabidhi kwa serikali ya Wajerumani kwa sharti: wapokelewe watoto wa rangi zote. Akatoa fedha za matibabu pale pale Bagamoyo, akasaidia wagonjwa wa ukoma. Na akatoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam.

Najua mtu atasema nini, kwa sababu mimi mwenyewe ndilo nililolisema kwanza. Tajiri anajipendekeza. Wenye nchi wamebadilika, jana Sultani, leo Mjerumani, kila mwenye duka anatafuta mahali pa kusimama. Kweli kabisa. Tharia Topan, yule yule aliyempeleka Stanley kwa kijana wetu, mwaka 1887 aliweka jiwe la msingi la zahanati Unguja, pale mbele ya bahari, kwa heshima ya jubilei ya Malkia Victoria. Mwaka 1890 akawa Sir Tharia Topan. Mwaka uliofuata akafariki, na mjane wake ndiye aliyelimaliza jengo. Ni zuri mno, roshani zake za mbao zilizonakshiwa kila mtalii anazipiga picha. Sina ugomvi nalo. Lakini jubilei ya malkia ni kitu cha kumfurahisha mkubwa, na mkubwa akafurahi.

Sharti la Sewa Haji silioni lilivyoweza kumfurahisha yeyote. Watoto wa rangi zote, mwanzoni mwa utawala wa Wajerumani, wakati miji inaanza kukatwa vipande, Uzunguni huku, Uhindini pale, Uswahilini kule? Hata Wahindi wenzake sidhani kama wote walilipenda. Anayetoa rushwa haweki masharti. Anakabidhi bahasha anakwenda zake. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mtu huyu, na sikutegemea.

Waislamu wana neno lake, sadaka jaria, ile inayoendelea kutiririka hata mwenyewe akiwa kaburini: kisima, mti wa matunda, elimu. Yeye hakuwa na muda mwingi wa kuiangalia ikitiririka. Alifariki Unguja tarehe 10 Februari 1897, hajafika miaka 50.

Hospitali ya Dar ni ya mwaka huo huo, 1897. Na mwaka huo huo Wajerumani walifungua ile ya Ocean Road, pale penye upepo wa bahari, kwa ajili ya Wazungu. Hospitali ya Sewa Haji ikawa ya Waafrika na Wahindi. Sharti la shule halikuweza kuvuka hadi huku. Mji ulikuwa umeshaamua utaugua vipi. Waingereza walipochukua nchi baada ya vita vya kwanza waliukuta mpangilio huo na wakautunza vizuri tu. Kwa karibu miaka sitini, mzaramo, mngoni, mndengereko aliyeumwa mjini hapa, alikwenda Sewa Haji.

Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali mpya, Muhimbili, na aliyekuja kuifungua ni binti mfalme wa Uingereza. Ikaitwa Princess Margaret Hospital. Jina la Sewa Haji likahamia kwenye jengo la wodi. Baada ya uhuru, jina la binti mfalme likaondolewa. La muuza kaniki likabaki. Sidhani kama kuna aliyekaa kikao akalitetea. Nadhani watu walikuwa wameshazoea kusema "nampelekea mgonjwa uji Sewahaji," na jina likishaingia kwenye sentensi ya uji halitoki kirahisi.

Biashara yake yenyewe ilichukuliwa na mtu aliyeanzia kazi kwake, Allidina Visram, kijana wa Kutch aliyefika Unguja angali mtoto. Huyu aliona kitu ambacho bosi wake hakuishi kukiona: reli ya Mombasa inaua bega. Akaifuata reli, akafungua maduka stesheni hadi stesheni mpaka Kampala, akaitwa mfalme asiye na taji wa Uganda, akachangia hadi kanisa la Namirembe naye ni Khoja. Alifariki 1916. Mwanawe akajenga shule Mombasa kwa jina la baba, ikafunguliwa 1923, na hadi leo mtu wa Mombasa anakwambia "mimi nimesoma Allidina" kama anavyosema mtu wa Dar "nimelazwa Sewahaji." Himaya yenyewe ya maduka haikufika mbali baada ya hapo. Duka limekufa, darasa lipo.

Nilikwenda Bagamoyo kuiona shule. Siku hizi ni Shule ya Msingi Mwambao. Ilikuwa mapumziko, watoto wamejaa uwanjani, mmoja kajibanza ukutani ananyonya embe bichi lenye pilipili. Nikamuuliza unajua jengo hili kajenga nani. Akaliangalia juu hadi chini, kama hajawahi kuliona.

"Wajerumani," akasema, akarudi kwenye embe lake.

Sikumsahihisha. Kengele ilikuwa imeshagongwa.

Lakini wagonjwa wangu niliwasahihisha. Jioni ile ile niliporejea Dar nilikaa katikati ya vitanda viwili nikawasimulia yote, Stanley na hesabu zake, sharti la shule, Princess Margaret. Mzee wa Kizaramo alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kwa muda.

"Mhindi," akasema.

"Mhindi."

"Mzaliwa wa Unguja lakini."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Haya basi, si mbali."

Mjomba alikuwa ameangalia dari. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi. Hilo nililijua, kila mtu kwetu analijua, ila sikuwa nimelifikiria mpaka wakati ule. Alikwenda pwani mara tatu, na alikufa na sugu begani kubwa kama nusu ya limau, watoto walikuwa wanaishika kwa zamu.

"Kwa hiyo babu kabeba mizigo ya huyu," Mjomba akasema.

Nikamwambia yawezekana kabisa.

Akajiweka sawa kwenye mto, taratibu, kama mtu anayejaribu kochi dukani. "Basi na yeye anibebe kidogo."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, muuguzi akatuangalia. Alipopata pumzi akanyoosha mkono kuelekea kwenye hotpoti yangu. "Sawa, abebwe. Lakini kapita kwetu. Hongo iko wapi?"

Nikafungua hotpoti. Mjomba akachagua ndizi mbili, akazitazama, akarudisha moja.